Kabla hujapanda mkoko hata mmoja

Juzi kijana mmoja wa Kilifi ameniandikia. Yeye na wenzake wa chuo wamepata mfadhili, fulana zimeshachapishwa, na wanataka kupanda miche elfu kumi ya mikoko, miti ya pwani inayoota kwenye tope la maji ya chumvi, kwa siku moja. "Dada, miche tunanunua wapi?" Nilimjibu kwa kifupi, kisha nikaona haitoshi, maana maswali haya yananijia kila msimu na ni yale yale: miche iko wapi, miche ni bei gani. Itapandwa wapi, haulizi mtu. Na najua wengi mnaosoma hapa mna ndoto hiyo hiyo ya kuacha msitu nyuma yenu, kwa hiyo leo niseme yote, hata yale ambayo bado yananiuma.

Kikundi chetu cha huku Kwale kilianzishwa na kina mama wauza samaki na vijana wachache waliokosa kazi. Habari za usajili na vikao niziruke. Jambo moja tulilifanya vizuri tangu mwanzo, na najisifu kwa hilo: tuliwafuata wazee waliokuwa wakikata boriti ujanani mwao. Aliyekata mti ndiye anayejua ulikuwa umesimama wapi. Wakatutembeza kwenye tope maji yakiwa yamekupwa. Mlilana hukaa mbele kabisa, ukikabili mawimbi. Nyuma yake na kandokando ya hori, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, ni mkoko wenyewe, aina yenye jina hilo. Muia na mkandaa huingia ndani zaidi. Mchu utaukuta kule juu ambako maji hufika wakati wa bamvua tu, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, halafu, kwa ukaidi wake, utaukuta na mbele pia. Kenya tuna aina tisa, na kila aina ina kipimo chake cha maji, cha chumvi na cha tope. Ukipanda aina moja tu kila mahali, umepanda shamba, na msitu bado hujaupata.

Mbegu ya mkoko huchipua ikiwa ingali juu ya mti, ikaning'inia kijani, ndefu kama rula. Usiivute. Iliyokomaa huwa na shingo ya manjano pale inapoungana na tunda, na ukiigusa tu inaachia. Ncha iliyochongoka ndiyo inayokwenda chini. Nimewahi kumwona mtu mzima mwenye shahada akizichomeka kichwa chini miguu juu, safu nzima, huku anapigwa picha.

Huyo alikuja na wageni ambao siwataji. Walikuwa na basi, spika na bango. Walichagua tope lililo wazi mbele ya ufuo, kwa kuwa picha hutoka vizuri pasipo na miti ya kuziba. Bi mkubwa mmoja wa kikundi chetu, ambaye ametafuta pweza pale tangu utotoni, akawaambia, "Wanangu, hapa hapajawahi kuota mti. Hapa ni pa majani ya bahari na pweza." Wakamshukuru kwa adabu, wakapanda. Aina moja tu, ile ya mkoko wenyewe, juu ya majani yanayolea samaki. Kusi, upepo wa kutoka kusini, lilipoanza kuvuma mawimbi yaling'oa mingi, na iliyosalia iligandwa na chaza wadogo mpaka ikalemewa, ikalala. Ripoti yao ilipotoka ilisema miche ilikufa kwa sababu jamii ya eneo hilo haikuitunza. Jamii ya eneo hilo! Ndiyo sisi hao. Bi mkubwa yule hajui kusoma, na nikaona bora nisimsomee.

Kipande chetu ni kidogo na hakina bango, lakini kipo. Kamba wadogo wanajificha mizizini, kaa wamerudi, na waliotucheka zamani sasa wanakuja kutega pale pale bila hata hodi.

Mtaniambia mbona Gazi, kijiji cha huku huku Kwale, wamefanikiwa. Gazi someni vizuri. Miaka ya 1970 mikoko yake ilikatwa kulisha tanuri za chokaa na matofali. Watafiti na wanakijiji wakaanza kurudisha miti mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mradi wa Mikoko Pamoja, wa kuuza kaboni, yaani kulipwa kwa hewa chafu ambayo miti inaihifadhi, ulianza mwaka 2013, kwa hekta 117, na pesa zikaenda kwenye maji na shule. Kijiji cha Vanga nacho kikafuata. Watu huziona pesa, ile miaka ishirini ya tope hawaioni.

Na hali ya hewa haitusubiri. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kwenye hori la Mwache, Mombasa, ukafukia mizizi ya kupumulia na mikoko ikafa kwa wingi. Mei 2024 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ilitangaza kwamba zaidi ya nusu ya mifumo ya mikoko duniani iko katika hatari ya kuporomoka. Bahari ikipanda, mikoko hujaribu kurudi nyuma kuelekea nchi kavu. Itarudi wapi, na huko nyuma tumejenga kuta za nyumba na mabwawa ya chumvi? Kwa hiyo ndugu yangu, kuzuia ukuta mmoja kunaweza kuokoa miti mingi kuliko fulana zako zote. Kuzibua mkondo ulioziba pia. Maji yakipita vizuri na panga likisimama, mara nyingi mbegu huja zenyewe na maji na kuota zenyewe, bure, tena mahali zinapopataka.

Ukisema lazima upande, uliza kwanza ni wapi. Waulize kina mama wa pweza, waulize wazee wa boriti, kisha uliza tena. Panda kidogo. Rudi uhesabu iliyo hai, maana iliyopandwa kila mtu anaihesabu. Na mfadhili wako mwambie nusu ya pesa iende kwa walinzi na kujazia iliyokufa, misimu miwili mitatu mbele. Akikataa, kataa nawe. Mimi nimewahi kukataa pesa za namna hiyo, kikundi kikaninunia kitambo kizima, na mwenyekiti mpaka leo tukikutana sokoni ananipa salamu ya nusu mdomo.