Unakwenda Istanbul? Anza na “kolay gelsin”

Wiki hii dada mmoja ameniandikia. Anakwenda Istanbul na mumewe kupumzika, tiketi wanazo tayari, na wakala wao wa safari amewaambia wasihangaike na lugha, Kiingereza kitatosha. Ananiuliza nasemaje. Dada yangu, mimi nasema hangaika! Maneno hayohayo niliambiwa mwaka juzi, na ningeyafuata ningerudi na picha za misikiti tu, bila kuongea na mtu.

Kiingereza kinatosha Sultanahmet, mtaa wa watalii, na ndani ya Kapalı Çarşı, lile soko kubwa lenye paa, wauzaji watakuita kwa lugha hata tano. Panda kivuko uvuke Bosphorus, mlango wa bahari unaoligawa jiji, hadi mitaa ya Kadıköy au Üsküdar, uingie kwenye maduka ya mtaani, ndipo utakapojua.

Mimi Kituruki nilijifunzia jikoni jioni, wali nimeupalia makaa, simu iko sikioni inanisomea maneno. Mwenzangu tuliyekuwa tusafiri naye alikuwa akinicheka mbele za watu: “Huyu anajitia Mturuki.” Iliniuma, na sitasema uongo, hadi leo inaniuma. Lakini sikuacha.

Na ukweli ni kwamba sisi Waswahili tunaanzia mbali. Saa kwao ni saat, dakika ni dakika, habari ni haber, sabuni ni sabun, dunia ni dünya, lazima ni lazım. Ukimaliza kula unasema hesap lütfen, na hapo hesabu unaisikia mwenyewe. Herufi zao ni za Kilatini tangu 1928 na zinasomwa kama zilivyoandikwa. Shika hizi: c ni j yetu, ç ni ch, ş ni sh, na ğ haitamkwi, inavuta tu irabu iliyotangulia. Basi cami, yaani msikiti, unasoma “jami”, na fincan unasoma “finjan”. Mtu wa Tanga kama mimi haelezwi finjani ni nini. Zile ö, ü na ı isiyo na nukta zitakusumbua. Sikiliza wenyewe wanavyotamka, uige.

Sasa sikiliza hili, ndilo kubwa. Watu wengi wanakariri Ne kadar?, yaani bei gani, wanaingia nalo dukani kama wanadai deni. Sisi hatukulelewa hivyo, na Waturuki pia hawakulelewa hivyo. Ukimkuta mtu kazini sema kwanza kolay gelsin. Hiyo ndiyo “pole na kazi” yao.

Kule Kadıköy nilikwenda kwa fundi cherehani mmoja, mzee, anipunguzie gauni. Nilimkuta ameinama, pini amezibana midomoni. Nikasema, “Kolay gelsin, amca.” Amca ni ami, na huko wanaitana hivyo hata wasiojuana: abla kwa dada, abi kwa kaka, teyze kwa mama wa makamo. Mzee akazitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa sweta, ndipo akanijibu: “Sağ ol, kızım.” Asante, binti yangu. Akauliza, “Nerelisin?” Natoka wapi. “Tanzanyalıyım!” Chai ikaagizwa nje, ikaja kwenye kigilasi chembamba kiunoni, vipande viwili vya sukari kwenye kisahani. Bei akanitajia kwa mdomo, hakunionyesha kwenye kalkuleta kama walivyozoea kuwafanyia wageni. Gauni lilipokamilika nikamwambia elinize sağlık, maneno ya kumshukuru aliyekufanyia kitu kwa mikono yake, awe fundi au mpishi. Niliondoka pale nikijiona mtu.

Na yule aliyenicheka? Tumbo lilimshika usiku. Maduka ya dawa yalikuwa yamefungwa, lakini kule huwa yanapokezana zamu, na kwenye mlango wa lililofungwa hubandikwa jina la lililo wazi, nöbetçi eczane. Mimi ndiye niliyesoma lile tangazo. Mimi ndiye niliyemwambia mfamasia karnım ağrıyor, tumbo linauma, huku nikimwonyesha mgonjwa. Mfamasia akamwambia geçmiş olsun, pole, akampa dawa. Asante kutoka kwa mwenzangu sijaisikia hadi leo.

Ndugu zangu, tuache kusafiri kama mizigo. Mtu amekupokea kwao, mpe angalau salamu kwa lugha yake! Usisubiri uijue sarufi. Salamu kwanza, asante (teşekkürler) wakati wote, bei baadaye. Namba zikariri kila siku, bir, iki, üç, dört, beş, mpaka ufike yüz, mia, na bin, elfu, maana ukiuliza bei bila kuzijua, jibu litakupita. Na usikariri kimoyomoyo. Tamka.

Dada, mkipanda dolmuş, vile vibasi vyao vidogo, msimtafute kondakta. Nauli unampa wa mbele yako, inapita mkono kwa mkono hadi kwa dereva, na chenji inarudi njia ileile. Anayekupitishia mwambie teşekkürler. Mkikaribia kushuka, “shusha” yao ni İnecek var! Mwachie mumeo aitamke, na aitamke kwa sauti, dereva huwa amefungulia redio.