Uso ukipooza upande mmoja, anza na jicho

Mtu akipooza upande mmoja wa uso, watu wote humtazama mdomo. Mdomo ndio uliokwenda upande, ndio unaomwaga chai, ndio unaowafanya watoto wa jirani wasimame kukukodolea. Mimi yaliponipata, hapa Dodoma, salamu zilikuwa za mdomo tu: "Pole mwalimu, naona mdomo bado." Jicho halikuulizwa na mtu. Na jicho ndilo linaloweza kukuachia kilema cha kudumu, wakati mdomo, kwa wengi wetu, hurudi taratibu wenyewe.

Ugonjwa huu madaktari huuita kupooza kwa Bell, kwa jina la Charles Bell, mpasuaji wa Scotland aliyeeleza kazi ya neva (mshipa wa fahamu) ya uso katika karne ya 19. Neva hiyo ni ya saba kati ya jozi 12 zinazotoka kwenye ubongo, na njiani hupita ndani ya mfereji mwembamba wa mfupa karibu na sikio. Ikivimba humo haina pa kutanukia. Inabanwa, na misuli ya upande ule wa uso inakosa amri. Mtaani nilipewa sababu nyingine: upepo mbaya, kofi la jini. Sikugombana na mtu. Aliyetaka kunisomea dua alisoma, nikaitikia amina, kisha nikaendelea na dawa.

Jambo la kwanza ni kufika hospitali mapema. Vidonge vya prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, husaidia zaidi vikianzwa ndani ya saa 72 tangu uso ulegee, na havinunuliwi kienyeji, kwa sababu hupandisha sukari na presha; mwenye kisukari lazima aseme. Pili, ni daktari anayetakiwa kutofautisha hali hii na kiharusi. Daktari kijana aliyenipokea aliniambia nipandishe nyusi. Paji la uso hupata amri kutoka pande zote mbili za ubongo, hivyo kwenye kiharusi mara nyingi bado linakunjika. Langu lilikuwa laini kama la mtoto kwa upande mmoja. Lakini usijipime mwenyewe ukabaki nyumbani: mkono au mguu ukilegea, au ulimi ukiwa mzito, hiyo ni dharura.

Sasa jicho. Kope hufungwa na msuli mmoja mwembamba unaolizunguka jicho lote. Umeshikizwa upande wa pua, na hufanya kazi kama uzi uliopitishwa kwenye mdomo wa mfuko: ukivutwa, mfuko unafumba. Sehemu yake ya nje ndiyo unayoikaza ukitoka kwenye jua kali. Sehemu iliyo ndani ya kope zenyewe ni laini zaidi, nayo hupepesa mara 15 hadi 20 kwa dakika bila wewe kuitafakari, ikilipangusa jicho kwa machozi, na usiku hulifunga ulale. Kuna na kisehemu kidogo mno kilichojificha nyuma ya kifuko cha machozi, kinachoitwa msuli wa Horner. Kila unapopepesa, hicho husaidia kuyavuta machozi yaingie puani.

Ukilijua hilo, utaelewa kioja kilichonisumbua wiki za mwanzo: jicho langu lilikuwa linachuruzika machozi na wakati huohuo limekauka. Machozi yalikuwepo, ila hapakuwa na wa kuyasambaza wala wa kuyavuta, na kope la chini lililolegea liliyaacha yateremke shavuni. Kwa hiyo mtu akikuambia "mbona jicho lako lina maji ya kutosha", usiache matone ya machozi bandia.

Halafu msuli wa kufungua jicho ni mwingine kabisa. Huo huamriwa na neva ya tatu, ambayo ugonjwa huu hauigusi. Basi mfunguaji yuko kazini saa zote na mfungaji hayupo. Unalala, jicho linabaki wazi. Mboni hujiviringisha juu ukijaribu kufumba, kinachoonekana ni weupe mtupu, na anayelala nawe aambiwe mapema asije akapiga kelele usiku wa manane. Kule kujiviringisha ni kinga, lakini haitoshi. Konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, ikikaa na hewa muda mrefu hukauka, hukwaruzika, na inaweza kupata kidonda kinachoacha kovu. Huku kwetu, upepo wa Dodoma na vumbi lake haviombi hodi, na darasani kuna chaki.

Nilichokuwa nikifanya ni hiki. Mchana, machozi bandia kila saa au zaidi, na miwani mipana hata kama haina nguvu ya kusomea, kwa ajili ya upepo. Katikati ya matone nilipepesa kwa mkono, na hapa kuna ujanja ambao ningependa kila mgonjwa aambiwe siku ya kwanza: tazama chini kabla ya kulishusha kope. Ule msuli wa kufungua hulegea wenyewe mboni inapoelekea chini, na kope linateremka karibu bila kusukumwa. Ukilivuta huku unatazama mbele unashindana na msuli mzima.

Usiku, mafuta mazito ya jicho, kisha kope lifungwe kwa plasta nyepesi ya karatasi. Usibandike pamba au kitambaa juu ya jicho lisilofumba. Litafunguka chini yake na kusuguliwa mpaka asubuhi, na hapo umelidhuru kwa kulilinda. Mafuta hayo hutia ukungu, kwa hiyo ukishayapaka habari ya pikipiki iishe.

Maumivu ya jicho hubebwa na neva ya tano, ambayo kwa kawaida iko salama. Uisikilize. Ukihisi mchanga usiotoka, jicho likiwa jekundu, likiuma au likififia, nenda kliniki ya macho siku hiyohiyo. Malengelenge sikioni nayo yasemwe haraka, kwa sababu huo huenda ni ugonjwa mwingine wenye dawa yake.

Kuhusu kupona, daktari wa Denmark, Erik Peitersen, alifuatilia wagonjwa 1,701 wa kupooza kwa Bell ambao hawakupewa dawa. Asilimia 85 walianza kupata nafuu ndani ya wiki tatu, na asilimia 71 walirudi sawasawa. Kwa hiyo matumaini yana msingi. Ila msiharakishe. Nilishauriwa kutafuna bigijii kutwa nzima na kujikunja uso mbele ya kioo kwa nguvu zote. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinikataza. Neva inapoota upya nyuzi zake huweza kupotea njia, na ukakuta jicho linafumba kila ukicheka au ukitafuna. Alinipa mazoezi madogomadogo, ya polepole, uso kwa uso na kioo.

Na kama miezi inapita na kope halifungi, usikubali kuambiwa "zoea tu". Muulize daktari wa macho kuhusu upasuaji. Zipo njia mbili za zamani: kushona sehemu ya pembe ya kope mbili ili mwanya upungue, au kupandikiza ndani ya kope la juu kipande cha dhahabu cha uzito wa gramu moja hivi. Dhahabu huliteremsha kope kwa uzito wake tu, na msuli wa kufungua, ambao haujawahi kuugua, hulinyanyua bila taabu. Huduma hii haipo kila hospitali, kwa hiyo ulizia rufaa mapema, konea ikiwa bado safi.