Jibu: Mvuke kwenye reli ya mjini London uliisha lini?

Ndugu yangu, umeuliza kama ni kweli reli ya mjini London, ile ya chini ya ardhi, ilikuwa bado na vichwa vya mvuke miaka ya 1970. Ni kweli, ila si vya abiria. Abiria wa Metropolitan, mojawapo ya njia za reli hiyo, waliagana na mvuke Septemba 1961. Vilivyobaki vilivuta mabehewa ya kazi, ya matengenezo ya njia, mpaka tarehe 6 Juni 1971 vilipofanya safari ya mwisho. Na njia hiyo ilifunguliwa 1863! Zaidi ya miaka mia moja.

Swali lako limenigusa kwa sababu nimekulia karibu na stesheni ya Dodoma miaka hiyohiyo, na gari moshi la mvuke nimeliona kwa macho yangu. Kichwa kikifika, kwanza kinanyweshwa maji. Bomba nene linageuzwa juu ya tangi, maji yanafurika na kuchuruzika ubavuni, na sisi watoto tuko chini na madebe tunakinga yanayomwagika, maana kiangazi cha Dodoma unakijua. Chuma chenyewe kilikuwa kinapumua: tsss, kimya, tsss. Ukisogea, joto lake linakupiga usoni, na harufu ya mafuta ya moto inabaki kwenye shati hadi nyumbani. Dizeli ilinguruma tu, haikupumua hivyo.

Juzi nimepanda treni ya umeme ya SGR kwenda Dar. Nzuri mno, naipenda kwa dhati. Ila ilipoondoka kimya kimya, nilijikuta nasikilizia ile pumzi.