Moyo unaonung'unika wakati wa kushukuru

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, Mikindani, Mtwara. Mikorosho yetu ilishikwa na ugonjwa wa ubwiri unga, mavuno yakawa haba, na sasa kila nikiswali ulimi hushukuru huku moyo ukinung'unika. Je, imani yangu ina kasoro?

JIBU: Waaleikum salaam, dada yetu. Kuumia kwa hasara si kukosa imani, kwani Nabii Yakubu alimlilia mwanawe Yusufu hadi macho yakawa meupe, naye akabaki mja mwema. Unapotamka Alhamdulillahi mara 33 baada ya swala, usizikimbize. Kila pingili ya kidole ipe neema yake: kitindamimba anayelala ameshika pindo la kanga yako, mumeo aliyerudi salama kutoka kupulizia mikorosho dawa ya salfa, jirani aliyekuletea bakuli la ming'oko ya moto, ile mizizi ya porini iliwayo kama viazi, bila kuombwa. Hilo la mwisho hunigusa sana, maana ming'oko huchimbwa kwa jasho. Hasara ya shamba nayo mweleze Mola katika dua hiyohiyo, usiifiche. Jioni, mkikaa mkekani, kila mtoto ataje jambo lililomfurahisha mchana, anza wewe.