Nyumba ya babu, lipu ya saruji na jumba la Hardwick

SWALI: Shikamoo Mzee. Tuko warithi saba wa nyumba ya mawe ya marehemu babu yetu, hapa Dunda, Bagamoyo. Kuta zinamwaga unga na dari la chumba kimoja limeinama. Fundi anashauri tubandue chokaa yote, tupige lipu ya saruji, tuweke na madirisha mapana ya alumini. Mtu mmoja kutoka Dar ameshaulizia bei ya mlango wa nakshi. Mdogo wangu anayesoma Uingereza amenitumia picha za jumba liitwalo Hardwick Hall, akasema kule mwenye nyumba ya kale hagusi hata dirisha bila ruhusa. Ni kweli? Serikali inamlipa? Na sisi tufanyeje?
Mjukuu, Dunda

JIBU: Marahaba, mwanangu. Fundi asibandue kitu kwanza. Na huyo wa Dar mwambieni mlango hauuzwi.

Mdogo wako amesema kweli. England ina orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria, utaratibu uliowekewa msingi imara na sheria ya mipango miji ya 1947. Madaraja ni matatu, na Hardwick imo katika la kwanza, ambalo lina takriban asilimia 2.5 tu ya majengo yote ya orodha hiyo. Wengi hudhani kinacholindwa ni uso wa nyumba. Sivyo. Ulinzi unaingia mpaka ndani: ngazi, lipu, milango, hata vibanda vya uani vilivyokuwapo kabla ya Julai 1948. Kubomoa au kubadili sura ya jengo bila kibali ni jinai, na kifungo chaweza kufika miaka miwili. Anayenunua nyumba iliyokwisha kuharibiwa anaweza kuamriwa airekebishe yeye, ijapokuwa si yeye aliyeharibu.

Malipo hakuna. Ruzuku zipo za kuomba, wengi hukosa, na ukarabati wenyewe hutozwa VAT ya asilimia 20.

Sasa nikueleze hilo jumba, maana linahusu madirisha yenu. Liko Derbyshire, na aliyelijenga ni mwanamke, Elizabeth wa Shrewsbury, maarufu kwa jina la Bess. Alianza mwaka 1590, umri umeshapita sitini, akamaliza 1597, na juu ya minara akasimamisha herufi za jina lake, ES, kwa mawe. Ramani inanasibishwa na fundi Robert Smythson. Kioo kilikuwa ghali siku zile, naye akajaza madirisha makubwa, tena yanazidi urefu kadiri unavyopanda ghorofa. Kuta hazikuanguka kwa sababu dohani za moshi zilipitishwa katika kuta nene za ndani, na kuta za nje zikapata nafasi ya kufunguliwa. Mama yule aliyataka madirisha tangu siku ya msingi, na nyumba ikapangwa kuyabeba.

Nyumba ya babu yenu ilipangwa kinyume chake. Pimeni chumba: upana utakuwa karibu mita tatu, maana boriti ya mkoko haibebi zaidi ya hapo bila kupinda. Boriti hizo zimelalia ukuta wa matumbawe na chokaa, na ukuta ndio unaobeba kila kitu. Mkiupanua uwazi wa dirisha mnakata mahali penye mzigo. Dari lililoinama nalo lichunguzeni kwenye ncha za boriti, palipoingia ukutani. Mara nyingi ncha ndizo zilizooza, kwa maji ya paa bovu.

Hapa kwenye saruji ndipo roho inaponiuma. Nimeshika mwiko wa uashi tangu ujana wangu, na nyumba nyingi za mji huu naziona zikifa kwa lipu hiyo. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji kutoka ardhini, na chokaa huyaachia yatoke polepole. Chumvi husukumwa nje na kuibambua chokaa, ndio huo unga mnaouona. Chokaa inajitoa mhanga na ukuta unapona. Baada ya miaka unapaka nyingine. Saruji ni ngumu na haipitishi. Maji yanabaki ndani, chumvi inalila jiwe kwa nyuma, ncha za boriti zinaoza, na lipu inakuja kudondoka vipande vizima na matumbawe yakiwa yameng'ang'ania mgongoni. Waingereza nao waliziumiza nyumba zao za kale kwa saruji hivyo hivyo, na leo wanazirudishia chokaa.

Usiamini fundi wenu akikuambia mafundi wa chokaa wamekwisha. Wapo, hasa Unguja. Na ufundi uliopotea hufufuliwa: jumba la Uppark, Sussex, liliungua mwaka 1989 kwa moto wa mafundi wa paa waliokuwa karibu kumaliza kazi. Mafundi wakajifunza upya kufinyanga mapambo ya chokaa kwa mkono, na jumba likafunguliwa tena 1995.

Lakini sheria pekee haikuiokoa Hardwick. Mmiliki wake, Duke wa Devonshire, alipofariki mwaka 1950, kodi ya mirathi ilifika asilimia 80. Majumba mengi ya namna hiyo yalivunjwa miaka hiyo. Hardwick ilikabidhiwa kwa hazina ya serikali badala ya kodi, na mwaka 1959 ikaingia mikononi mwa National Trust, chama cha kuhifadhi mali za kale kilichoanzishwa 1895. Tangu 1907 chama hicho kina uwezo kisheria wa kutangaza mali yake kuwa haiuzwi. Sisi watu wa pwani tunalifahamu jambo hilo, ni wakfu. Kinachoua nyumba zetu ni warithi saba kila mmoja akimngoja mwenzake anunue bati. Kaeni kikao, andikeni makubaliano, na mkiweza zungumzeni na kadhi juu ya wakfu wa familia.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale, ya 1964 na marekebisho ya 1979, inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya 1863. La baadaye linahitaji kutangazwa rasmi, na nyumba nyingi za mawe hapa ni za nusu ya pili ya karne ya 19. Basi nendeni ofisi ya Mambo ya Kale na picha, pamoja na hati mlizonazo, muulize nyumba yenu iko upande gani, kisha halmashauri kwa kibali.

Kazi ianze na paa, halafu boriti, kuta mwisho. Chokaa iloweshwe shimoni mapema, wiki kadhaa, na lipu ipigwe masika yakishapita. Ukuta mpya ufunikwe magunia mabichi usikaushwe na jua.