Usibadilishe beringi kabla ya kupima shafti

Mkuu, unasema beringi ya UCP 208 (ile yenye kiti chake kinachofungwa kwa bolti) ya mashine yako ya kusaga inachemka wiki moja tu tangu ifungwe, na fundi anataka ununue nyingine. Subiri kwanza. Zima mashine, toa beringi, pima unene wa shafti kwa kalipa pale beringi inapokaa. Tarakimu mbili za mwisho za namba ya beringi zidisha kwa 5 upate unene wa shafti: 08 ni milimita 40. Shafti ikishalika, ringi ya ndani huteleza juu yake hata ukikaza vile viskrubu viwili vya ringi vinavyoibana kwenye shafti kwa nguvu zote. Utaona mikwaruzo inayong'aa kuzunguka shafti, na vumbi jekundu kama kutu. Hapo beringi mpya nayo itakufa. Peleka shafti ikajazwe kwa kulehemu na kukerezwa upya, au weka mpya.

Shafti ikiwa nzima, angalia mkanda. Ukikazwa kupita kiasi unaielemea beringi ya upande wa puli. Na grisi tafadhali kidogo kidogo, shafti ikizungushwa kwa mkono. Ukishindilia unafumua sili (kizuizi cha uchafu pembeni mwa beringi), unga unaingia ndani. Viskrubu vya ringi vikazwe mwisho, baada ya bolti za chini.