Dogo, usizime kwanza

Wiki hii nimemwona dogo mwingine akirudia lile lile. Kapokea laptopu kuukuu yenye Windows 7, hata hali ya diski hajaitazama, keshaingia kwenye ulinzi wa mfumo, kazima kirejeshi (System Restore, kile kinachotunza pointi za kuirudisha Windows ilivyokuwa), kabonyeza sawa. Nikamuuliza kwa nini. "Mashine ya zamani hii kaka, hicho kitu kinakula diski bure."

Jibu hilo nalijua vizuri kwa sababu ni langu. Nilikuwa nalitoa kwa kujiamini kule kule, tena kwa sauti ili wateja wasikie. Basi wadogo zangu, kaeni niwaambie machache kabla subira haijaniisha.

1. Tofautisha mashine iliyojaa na mashine nzito. Kirejeshi kinakula nafasi, kweli. Windows XP ilikuwa inakitengea hadi asilimia 12 ya diski. Lakini kasi kinaipunguza kidogo sana. Mashine ya miaka kumi ikiwa nzito, mara nyingi mchawi ni diski inayokata roho, RAM ya GB 2, au antivirusi mbili zinazogombana. Soma SMART kwanza, ripoti ya afya ambayo diski inaitoa yenyewe.

2. Kuzima ni kufuta. Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoumia.

Wengi wenu mnadhani ile ni swichi ya taa: unazima leo, kesho unawasha, kila kitu kipo palepale. Hapana. Ukizima, pointi zote za kurejesha zinafutwa papo hapo, na ukiwasha tena unaanza sifuri. Windows 7 yenyewe inakuonya kabla hujakubali. Lakini fundi gani anasoma maonyo?

Niliachiwa laptopu ya mwalimu mmoja, mama mtu mzima. Diski ya GB 80, Windows 7. Juu ya kifuniko kulikuwa na karatasi imebandikwa: "Inachelewa kuwaka." Nikaifungua, nikapiga usafi wangu wa kila siku. Nikafuta mafaili ya muda, nikapunguza programu zinazoamka na mashine, nikazima kirejeshi. Kilinirudishia GB 3 na kitu. Nikajiona mtaalamu. Kwa kunogesha kazi nikapiga difragi, yaani kuyapanga upya mafaili kwenye diski, nikaenda zangu kula.

Niliporudi nikabandua ile karatasi niitupe. Kumbe ina upande wa nyuma. Mwandiko uleule mzuri wa ubaoni: faili lake la madokezo ya miaka minne limepotea maneno, naomba mnirudishie, hili ndilo muhimu zaidi.

Nikalifungua. Ndani kulikuwa na mstari mmoja tu: "Jibu maswali yote." Alikuwa ametia kivuli maandishi yote, akabandika juu yake mstari aliokuwa ameunakili kwenye mtihani, akahifadhi, akafunga. Kosa la sekunde tatu.

Na dawa yake ilikuwa ya sekunde thelathini. Kwenye Windows 7, pointi ya kurejesha inabeba pia nakala kivuli za diski, yaani mafaili yalivyokuwa siku hiyo, kwa hiyo unabofya kulia juu ya faili, unaingia sifa, unachagua matoleo ya awali, unachukua la juzi. Nikabofya. Hakuna matoleo ya awali. Yalikuwapo saa moja kabla, kwenye zile GB 3 nilizokuwa najisifia.

Nikaleta programu za kufufua mafaili, mbili, tatu. Ila kumbukeni nilipiga difragi. Nafasi iliyoachwa na zile nakala, mimi mwenyewe nilishaihamishia mafaili mengine juu yake, kwa utaratibu mzuri kabisa. Kilichofufuka ni vipande vya picha za matangazo ya tovuti.

Mama alipokuja nilimwambia diski imezeeka, sehemu ile haikusomeka. Uongo. Diski ilikuwa nzima kuliko akili yangu. Akakaa kimya, kisha akasema, "Haya mwanangu, angalau sasa inawaka haraka." Akalipa. Nikapokea. Hiyo ya kupokea ndiyo mpaka leo sijui niiseme vipi.

Tuendelee.

3. Punguza, usizime. Kipo kitelezi cha kuweka kikomo pale pale ulipobonyeza kuzima. Na kwenye kusafisha diski unaweza kufuta pointi zote ukabakiza ya mwisho. Wanaopenda kidirisha cheusi cha kuandika amri, ipo amri ya vssadmin, nayo inaweka kikomo na kufuta pointi.

4. Virusi. Ushauri wa enzi za XP ulikuwa zima kirejeshi kwanza ndipo usafishe, kwa sababu antivirusi nyingi zilikuwa haziwezi kugusa folda ya System Volume Information, ambamo pointi zinakaa. Watu wameushika kama msahafu. Pindueni mpangilio: safisha, washa upya, hakikisha mashine inawaka vizuri, ndipo uzime, uwashe, na utengeneze pointi mpya. Pointi yenye virusi ni mbaya, lakini siku antivirusi itakapong'oa faili la mfumo na mashine ikagoma kuwaka, utaililia hiyo hiyo.

5. Mkitaka nafasi, anzeni na hiberfil.sys, faili ambamo mashine inatunza kazi zilizo wazi ikilala usingizi mzito (hibernate). Kwenye Windows 7 inachukua kama robo tatu ya RAM, kwa hiyo RAM ya GB 4 ni GB 3 hivi. Kwenye kidirisha cheusi andika powercfg -h off, kwisha. Ila kuanzia Windows 8 utakuwa umeua na ule uwakaji wa haraka, halafu mteja arudi akwambie umemharibia. Na laptopu yenye betri chovu muachie usingizi wake mzito, ndio unaomwokolea kazi chaji ikikata.

6. Patisheni ya urejeshaji ya kiwandani, ile sehemu ya diski yenye Windows iliyokuja na mashine, haiguswi mpaka uwe na flashi ya kubutia, yaani ya kuwashia mashine, na uwe umeijaribu. Kuijaribu, nasema. Kuna mtu hapa alitengeneza flashi, akaiweka droo, akafuta patisheni, na siku ya siku flashi ikawa tupu. Sitamtaja, anasoma haya akicheka.

7. Mashine yenye XP na Windows 7 pamoja: kila ukiingia XP, inafuta pointi za mwenzake. Nilihangaika na hili siku nzima nikidhani ni virusi.

8. Na Windows 10? Mara nyingi ukimaliza kuiweka kwenye mashine, ulinzi unakuta umezimwa tayari. Nenda uuwashe.

Mimi mwenyewe huzima, msinielewe vibaya. Kwenye diski ya pili yenye muziki na filamu nazima bila kufikiri. Kwenye mashine yenye hifadhi ya GB 32 ambayo masasisho yenyewe hayatoshei, nazima, lakini baada ya kuchukua nakala kamili ya diski nzima (image) na kuiweka nje. Na mteja namwambia kwa mdomo kwamba kirejeshi si bakapu: kukitumia kunarudisha draiva na rejista (daftari la mipangilio ya Windows), picha za harusi hakuzigusi.

Yule dogo wa wiki hii nilimpa karatasi ya mteja wake, nikamwambia ageuze asome nyuma. Akageuza taratibu, kama anafungua matokeo. Ilikuwa tupu. Ana bahati yake.